Kichujio cha samaki si sufuria ya kusugua

Tangu utotoni tumelelewa tukiambiwa kwamba uchafu huleta maradhi na usafi huleta afya. Tumeinama tukafagia, tumesugua sufuria kwa jivu na mchanga mpaka zikang'aa, na aliyeacha kombe lake na doa aliitwa mvivu mbele ya wageni. Sina ugomvi na mafunzo hayo. Hata hivyo, leo nataka tuzungumze juu ya mahali pamoja, pengine pa pekee katika boma lako, ambapo usafi wa kupita kiasi huua. Mahali hapo ni ndani ya kichujio cha kidimbwi cha samaki.

Huenda ukauliza, "Hayo yananihusu nini mimi ninayeishi katika nyumba ya kupanga?" Subira, ndugu yangu. Vidimbwi vya bustanini si vya matajiri peke yao tena. Ukitembea Ruiru, Kitengela au Ongata Rongai utavikuta nyuma ya nyumba za watu wa kawaida: shimo lililotandikwa karatasi nzito ya plastiki, pampu ndogo ya umeme, na pipa lililokatwa nusu ambalo ndilo kichujio. Wengine hufuga tilapia wa kitoweo, wengine samaki wa rangi wa kuburudisha macho. Na wewe mwanafunzi uliye na samaki wawili katika tangi la kioo juu ya meza, sheria ni ile ile. Tofauti ni kwamba tangi lako ni dogo, kwa hivyo kosa lako litaonekana mapema zaidi.

Mimi ni mwalimu, na kwa miaka kadhaa nimekuwa na kidimbwi changu nyuma ya nyumba. Urefu wake ni mita 2, upana mita 1.5, na kina sentimita 60. Ukizidisha hesabu hiyo utapata lita 1,800 za maji. Si bahari, lakini yametosha kunifundisha mengi.

WATUMISHI WASIOONEKANA

Kwanza tuelewane kuhusu kazi ya kichujio. Wengi wetu hudhani ni kama kile cha chai: majani yanabaki juu, chai inapita chini, kisha unakung'uta majani na kuosha chombo. Hiyo ni nusu tu ya habari. Kichujio cha kidimbwi hufanya kazi mbili. Ya kwanza ni kuzuia takataka zinazoonekana, yaani kinyesi cha samaki, majani yaliyooza na mabaki ya chakula. Ya pili, iliyo kubwa zaidi, hufanywa na viumbe wadogo mno wasioonekana kwa macho. Hao ni bakteria.

Usishtuke kwa neno hilo. Bakteria si wote adui. Kuna wanaogandisha maziwa yakawa mala, na kuna wanaoishi katika mizizi ya maharagwe na kuipa mimea mbolea bila malipo. Hawa wa kichujio ni watumishi wa namna hiyo.

Samaki, kama kiumbe chochote kinachokula, hutoa uchafu mwilini. Sehemu kubwa ya uchafu huo huitoa kupitia matamvua, yale mashavu anayopumulia, ikiwa katika hali ya amonia. Chakula kilichobaki kikioza nacho hutoa amonia. Kemikali hiyo ni sumu. Humwunguza samaki matamvua na kumfanya akose pumzi hata kama maji ni maangavu kama kioo. Naomba ulishike neno hilo: maangavu. Amonia haina rangi ndani ya maji, na kwa kiasi kinachoua samaki pua yako haitaisikia.

Hapo ndipo bakteria wanapoingia kazini. Kundi la kwanza huigeuza amonia kuwa nitriti. Nitriti nayo ni sumu, kwani huingia katika damu ya samaki na kuizuia isibebe oksijeni, hata damu ikawa ya rangi ya kahawia. Kundi la pili huipokea nitriti na kuigeuza kuwa nitrati, ambayo haina madhara makubwa kwa samaki isipokuwa ikirundikana sana. Mimea huipenda nitrati kama mtoto apendavyo mandazi.

Wanafunzi wa kidato watakumbuka kwamba haya ni sehemu ya mzunguko wa nitrojeni. Mtaalamu aliyefanikiwa kuwatenga bakteria hawa na kuonyesha namna wanavyoishi ni Sergei Winogradsky, mzaliwa wa Kiev, katika kazi aliyoifanya mjini Zürich mwaka wa 1890. Kwa muda mrefu vitabu vilifundisha kwamba katika matangi ya samaki kazi ya pili hufanywa na Nitrobacter. Miaka ya 1990 watafiti walichunguza upya wakaona kwamba katika maji baridi mfanyakazi mkuu wa sehemu hiyo ni Nitrospira. Kisha mwaka wa 2015 ikagunduliwa kwamba wako Nitrospira wanaoweza kuifanya kazi yote wenyewe, kuanzia amonia hadi nitrati. Kumbe elimu nayo huoshwa ikaanikwa upya!

Sasa, bakteria hawa hawaelei majini ovyo. Wengi wao hujishikiza mahali: katika vitundu vya sponji, juu ya kokoto, juu ya yale mawe mepesi ya volkano yatokayo Bonde la Ufa, hata juu ya vifuniko vya chupa za soda ambavyo wafugaji wengine huvijaza kichujioni. Hujenga utando mwembamba wenye utelezi, wa rangi ya kahawia. Utando huo ndio macho yetu huuita uchafu.

Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba ni wazazi wa polepole. Baadhi ya bakteria wanaotuumiza tumbo, wakipata chakula na joto, huongezeka maradufu kwa dakika 20 hivi. Hawa wa kichujio huhitaji nusu siku, siku nzima, au zaidi. Kichujio kipya huchukua wiki 4 hadi 8 kabla hakijawa na jeshi la kutosha. Ukiliangamiza jeshi hilo kwa asubuhi moja ya kusugua, umejirudisha mwanzo, na samaki wako hawawezi kungoja wiki 8.

KISA CHA JIRANI

Nina jirani, mzee mstaafu mwenye heshima zake, ambaye ana kidimbwi kizuri kuliko changu. Alikuwa na samaki wa rangi 20, wengine wakubwa kama mkono hadi kiwiko. Mwaka mmoja binti yake alikuwa anaposwa, na wakwe walitarajiwa Jumamosi. Nyumba ilipakwa rangi, ua ukafyekwa, na Alhamisi mzee akamwita kijana anayemfanyia kazi ya bustani akamwagiza, "Na hicho kichujio, kitoe chote, ukisugue mpaka king'are. Sitaki wageni wasikie harufu ya matope."

Kijana alikuwa mtiifu na mwenye bidii. Alitoa sponji zote na mawe yote. Akatia sabuni ya unga, akaongeza dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, akasugua kwa burashi, akasuza kwa mpira wa maji mara nne, akavianika juani mchana kutwa. Jioni alivirudisha vikiwa vyeupe kama vilivyotoka dukani. Mzee alimsifu.

Jumamosi wageni walikuja. Maji yalikuwa maangavu, samaki waling'aa, na watoto wa wageni walishinda kando ya kidimbwi wakiwatupia vipande vya mkate. Shughuli ilikwenda vyema. Jumapili jioni samaki walianza kuja juu ya maji wakipanua vinywa kama wanaomeza hewa. Jumatatu asubuhi watano walikuwa wamekufa. Kufikia Jumanne jioni walikuwa wamekufa 14.

Mzee aliniita. Nilimkuta amesimama kando ya kidimbwi, kijana mbele yake ameinamisha kichwa.

"Mwalimu," mzee akaniambia, "huyu kijana amewatilia samaki wangu sumu. Jumapili nilimgombeza kwa kuchelewa, na tazama alivyonilipa."

"Mzee, mimi sikuweka kitu," kijana akasema kwa sauti ndogo. "Niliosha tu vile uliniambia."

"Uliosha Alhamisi! Hawa wamekufa leo! Kama ni kuosha, mbona Jumamosi walikuwa wazima?"

Msomaji wangu, swali hilo la mzee ndilo kiini cha mambo. Sumu ya dukani huua mara moja, na kila mtu huona uhusiano wa kitendo na kifo. Lakini kichujio kilichosuguliwa hakiui siku hiyo. Siku ya kwanza maji bado ni mema. Siku ya pili amonia imeanza kupanda, kwani hakuna wa kuigeuza. Ongeza mkate wa watoto ukiozea chini, na siku ya tatu au ya nne deni linadaiwa lote kwa pamoja. Kufikia hapo kila mtu amekwisha kusahau habari za Alhamisi, na anatafutwa mwovu wa karibu. Aghalabu mwovu huyo huwa ni yule asiye na wa kumtetea.

Nilimwomba mzee anipe saa moja. Nilikwenda nyumbani nikaleta chupa zangu ndogo za kupimia maji, zile zinazouzwa katika maduka ya samaki wa mapambo. Unachota maji kidogo katika kichupa cha kioo, unadondoshea matone ya dawa, unangoja dakika chache, kisha unalinganisha rangi na kadi. Maji yasiyo na amonia hubaki manjano. Ya mzee yaligeuka kijani kibichi mbele ya macho yetu sote watatu.

"Hiyo ndiyo sumu, Mzee," nikamwambia, "lakini haikutiwa na mtu. Samaki wenyewe ndio walioitoa, na waliokuwa wakiiondoa tuliwaosha Alhamisi kwa sabuni."

Mzee alinyamaza kwa muda mrefu. Siku hiyo tuliwaokoa samaki 6, kwa njia nitakayokueleza hapo mbele. Mshahara wa kijana, ambao mzee alikuwa amekwisha kutangaza kwamba hautalipwa, ulilipwa wote. Lakini sikumsikia mzee akitamka neno pole, na kijana alikaa mwezi mmoja tu, kisha akatafuta kazi kwingine. Nilipokutana naye kituoni na sanduku lake aliniambia, "Mwalimu, mtu akishakuita mwuaji, hata ukimpikia chai anaitazama mara mbili." Sikuwa na jibu.

Nimekusimulia kisa hiki si kwa sababu ya samaki peke yao. Samaki hununuliwa wengine. Jina la mtu haliuzwi katika duka lolote.

JINSI YA KUOSHA

Basi tufanyeje? Je, kichujio kiachwe kizibe? La hasha. Kichujio kilichoziba hupitisha maji kidogo, na matope yaliyorundikana hula oksijeni ambayo bakteria wetu wanaihitaji. Kuosha ni lazima, ila kuna adabu zake. Hizi ndizo tunazofuata kwetu.

Mosi, usioshe kwa kalenda. Osha kwa dalili. Tazama maji yanayorudi kidimbwini kutoka kichujioni. Yakipungua nguvu, wakati umefika. Sponji ya mbele inayozuia takataka huenda ikahitaji kukamuliwa kila wiki moja au mbili. Mawe na sponji za ndani, ambazo ndizo kijiji cha bakteria, huguswa mara chache tu kwa mwaka.

Pili, zima umeme na uchomoe waya ukutani kabla hujatia mkono majini. Umeme na maji si marafiki. Mtoto asiruhusiwe kufanya kazi hii bila mtu mzima kando yake.

Tatu, chota maji ya kidimbwi chenyewe, ujaze beseni au ndoo mbili. Hayo ndiyo maji ya kuoshea. Yana joto lile lile walilozoea bakteria na hayana klorini.

Nne, tia sponji katika beseni uikamue taratibu kwa viganja, mara tatu nne, mpaka matope mazito yatoke. Usisugue, usitumie burashi, usitie sabuni, usitumie maji moto. Ikibaki na rangi ya kahawia na utelezi kidogo, shukuru Mungu na uirudishe mahali pake. Mke wangu, ambaye sufuria zake hung'aa kama mwezi, ilimchukua miezi kukubali kwamba sponji ya kahawia ni sponji safi. Mawe nayo yatikise tu ndani ya ndoo ukiwa umeyafunga katika mfuko wa wavu, yale matope yadondoke.

Tano, usioshe vyote siku moja. Gawanya kichujio mafungu mawili. Osha fungu moja leo, na lingine baada ya wiki mbili au zaidi. Ukiwapunguza bakteria upande mmoja, wenzao wa upande wa pili wataendelea na zamu. Vivyo hivyo, sponji ikizeeka na kuchanika, usiitupe siku unayonunua mpya. Ziweke bega kwa bega kwa mwezi mmoja na zaidi, mpya iambukizwe wema na kuukuu.

Sita, fanya haraka. Bakteria hawa huishi kwa maji yenye oksijeni. Kuwaanika juani ni kuwaua, na hata kuwaacha katika ndoo iliyofunikwa mchana kutwa ni kuwanyonga. Kazi yote isizidi nusu saa, nayo ifanyiwe kivulini.

Saba, usirundike mambo. Siku ya kuosha kichujio isiwe siku ya kubadilisha maji mengi, kusugua kuta za kidimbwi, kuleta samaki wapya au kutia dawa. Ule mwani wa kijani wa ukutani nao ni makao ya bakteria. Na kwa siku tatu nne baada ya kuosha, punguza chakula. Samaki mzima hafi kwa kufunga siku mbili; anayekula kidogo hutoa amonia kidogo.

Mwisho, yale maji meusi ya beseni usiyamwage mferejini. Ni mbolea. Sukuma wiki wangu na kunde za mama watoto zimeneemeka kwa maji hayo kuliko kwa mbolea ya dukani. Funga jeraha lolote mkononi kabla ya kuanza, na nawa kwa sabuni ukimaliza. Mikono yako, tofauti na sponji, inaruhusiwa sabuni.

MAJI YA MFEREJI

Nimetaja klorini, na ni vyema nieleze. Maji ya mfereji hutiwa klorini makusudi ili yatuepushe na kipindupindu na homa ya matumbo. Shirika la Afya Duniani hupendekeza angalau miligramu 0.2 za klorini zibaki katika kila lita maji yanapomfikia mtumiaji. Kwetu sisi hiyo ni kinga. Kwa bakteria wa kichujio ni upanga, kwani klorini haina macho ya kutofautisha kijidudu cha kipindupindu na mtumishi wa samaki. Kiasi kidogo zaidi ya hicho kinaweza kumdhuru hata samaki mwenyewe.

Kwa hivyo maji ya kujazia kidimbwi yaache katika pipa lililo wazi kwa siku moja au mbili, klorini ipotelee hewani. Lifunike kwa kipande cha chandarua, la sivyo utafuga mbu badala ya samaki. Ukiwa na haraka, maduka ya samaki huuza dawa ya kuiua klorini, ambayo mara nyingi huwa ni thiosalfeti ya sodiamu. Na kama una ndugu anayefuga samaki Marekani, mwonye kwamba miji mingi huko hutumia kloramini, ambayo haiondoki kwa kuachwa wazi siku mbili. Yeye hana budi kutumia dawa.

Badilisha moja juu ya kumi hadi moja juu ya tano ya maji kwa mara moja. Kwa kidimbwi changu hiyo ni kati ya lita 180 na 360. Wiki za mgao wa maji, ambazo wakazi wa Nairobi wanazijua vizuri, maji ya mvua kutoka paani huwa msaada, ilmradi paa na mapipa ni safi.

UMEME UKIPOTEA

Kuna adui mwingine ambaye hatumii sabuni wala burashi. Mwezi wa Agosti mwaka wa 2023 sehemu kubwa ya nchi yetu ilikaa gizani usiku kucha na zaidi. Wengi walihofia nyama iliyokuwa katika friji. Wafuga samaki walihofia vichujio.

Pampu ikisimama, maji hayapiti kichujioni. Bakteria waliomo humaliza oksijeni iliyobaki, na baada ya saa kadhaa huanza kufa wakioza. Umeme ukirudi, pampu husukuma uozo huo wote kidimbwini kwa mkupuo mmoja. Kwa hivyo kama kichujio chako ni cha kufungwa, na umeme umepotea kwa saa nyingi, usiwashe pampu mara tu taa zinaporudi. Mwaga kwanza maji yaliyolala kichujioni, suuza kidogo kwa maji ya kidimbwi, ndipo uwashe. Ikiwa giza linaendelea, fungua kichujio, toa sponji uzining'inize ndani ya kidimbwi, na kila mara chota maji kwa kombe uyamwage kutoka juu. Michirizi hiyo huingiza hewa. Watoto wangu hupokezana zamu, na kazi hiyo imemaliza ugomvi wa televisheni isiyowaka.

Sisi wa bara tuna sababu ya ziada ya kujali hewa. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa sababu ya wepesi wa hewa, maji yetu hubeba oksijeni pungufu kwa asilimia 18 hivi kuliko maji ya joto lilo hilo kule pwani. Wa Mombasa nao wasicheke, maana maji yao ni ya joto zaidi, na kadiri maji yanavyopata joto ndivyo yanavyoshika oksijeni kidogo. Isitoshe, katika maji ya joto amonia huwa kali zaidi. Kila mtu na mtihani wake.

MAJI YAKIMWAGIKA

Tuseme basi umechelewa kusoma makala haya, na kichujio kimekwisha kusuguliwa kikang'aa. Usikate tamaa. Hizi ndizo hatua tulizozifuata kwa jirani yangu.

Acha kulisha mara moja. Toa mabaki ya chakula yaliyo chini. Badilisha theluthi moja ya maji kwa maji yasiyo na klorini, na urudie kesho yake ukiona amonia bado ipo. Ongeza hewa kwa pampu ya mapovu au kwa kumwaga maji kutoka juu. Kisha tafuta mtu mwenye kidimbwi chenye afya umwombe sponji kuukuu, ile chafu kabisa, uisafirishe ikiwa mbichi katika ndoo ya maji yake na uitie katika kichujio chako. Nilimpa mzee nusu ya sponji yangu moja. Hakikisha tu kwamba samaki wa huyo mfadhili si wagonjwa, kwani maradhi nayo husafiri na maji.

Siku chache baadaye, amonia inapoanza kushuka, nitriti huweza kupanda. Hapo chumvi ya kawaida husaidia, kwa kuwa huizuia nitriti isiingie kirahisi katika damu ya samaki. Gramu 1 kwa kila lita hutosha. Kwa kidimbwi cha lita 1,800 hiyo ni kilo 1.8. Iyeyushe kwanza katika ndoo, kisha uimimine kidogo kidogo. Endelea kupima mpaka amonia na nitriti zote zisionekane.

Na samaki wako wakiugua, usimimine dawa ovyo kidimbwini. Baadhi ya dawa za kuua vijidudu haziulizi kijidudu kipi. Mtenge mgonjwa katika beseni kubwa lenye hewa na umtibu humo.

Mpenzi msomaji, katika nyumba zetu kuna mambo mengi yanayoendeshwa na watumishi tusiowaona. Wako wa kichujioni, na wako wanaoamka kabla yetu wakafagia ua na kuwasha jiko. Hao wa pili wanasikia tunapowaagiza, nao hufanya tulivyosema. Kabla hujamwagiza mtu kazi usiyoielewa, ielewe kwanza. Na kazi ikiharibika, uliza ulisema nini Alhamisi kabla hujauliza yeye alifanya nini Jumanne. Kuhusu sponji, ikamue kwa upole, iache na kahawia yake, na uwaonyeshe watoto ule utelezi wauguse kwa kidole, wajue kwamba si kila kinachoteleza ni uchafu.